Mvi na Rangi ya Dhahabu: Namna ya Kuzipaka Nyumbani Bila Blichi

Sisi ni wahudumu wa afya wa kujitolea wa hapa Kakuma. Tunapotembelea nyumba kwa nyumba huwa tunaulizwa mambo mengi ambayo hayamo katika kitabu chetu cha mafunzo. Unafundisha juu ya chandarua na kunawa mikono, ukimaliza unauliza, "Je, kuna swali?" na mama mmoja anafunua kilemba, anakuonyesha kichwa, anasema, "Mwanangu, hizi mvi zinaweza kuwa rangi ya dhahabu?" Picha zinazotumwa kwa simu na ndugu zetu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Australia zimeleta hamu hii. Wazee wa kiume nao wanauliza kuhusu ndevu.

Wako watakaosema kuwa urembo si kazi ya afya. Mimi sikubaliani nao. Katika bloku tunazozihudumia tumewahi kusindikiza hadi kliniki watu waliovimba uso mpaka macho yakafungika, na chanzo hakikuwa nyuki wala nyoka bali rangi ya nywele. Kama watu watapaka hata hivyo, ni afadhali wapake kwa njia isiyowadhuru. Somo la leo linahusu mambo hayo: kipi kinaweza kutoa rangi ya dhahabu kwenye mvi bila blichi, namna ya kukitumia, na kipi kisiguse kichwa cha mtu hata kidogo.

Kwa nini mvi hazihitaji blichi

Kila unywele hukua kutoka kwenye kishimo kidogo ndani ya ngozi. Katika kishimo hicho kuna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na rangi hiyo huingia ndani ya unywele wakati unaota. Mtu akizeeka chembe hizo hupungua au huacha kazi, unywele unatoka bila rangi, nao ndio mvi. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka ambayo inarudisha rangi ya uzeeni, hata kama muuzaji sokoni anaapa. Kwa wengine mvi huanza mapema kwa sababu ya ukoo, na hiyo si ugonjwa.

Sasa fikiria vitambaa viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, ukivitia vyote katika maji ya manjano. Cheupe kitakuwa cha manjano, cheusi kitabaki cheusi. Nywele ni vivyo hivyo. Kijana mwenye nywele nyeusi akitaka rangi ya dhahabu ni lazima kwanza aiondoe ile nyeusi, na kazi hiyo ndiyo ya blichi: inafungua magamba madogo yanayofunika unywele, inaingia ndani na kuiharibu melanini. Nywele zetu ambazo ni za kujisokota hukatika kwa urahisi baada ya hapo. Lakini mwenye mvi tayari ana kitambaa cheupe. Yeye anahitaji kuongeza rangi tu, hana cha kuondoa. Kwa maana hiyo blichi kwake ni gharama na hatari ya bure.

Kwa wenye mvi zilizochanganyika na nywele nyeusi, mfahamu mapema kwamba rangi itashika kwenye zile nyeupe peke yake. Nyeusi zitabaki nyeusi, labda zing'ae wekundu kidogo juani. Kichwa kitakuwa na michirizi. Wengine wanaipenda, wengine hawaipendi, kwa hiyo amua kabla hujaanza.

Hina: ya kwanza na ya kudumu

Hina inajulikana sana hapa kambini. Wazee wengi wa Kisomali hupaka ndevu zao, na ile rangi ya machungwa unayoiona ni mvi zilizopakwa hina. Inatokana na majani ya mmea wa mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ndani yake kuna rangi iitwayo losoni ambayo hushikana na keratini, yaani ile protini inayojenga nywele na kucha. Ndiyo maana hina ya kwenye kucha haitoki kwa sabuni bali hungoja kucha ikue.

Hina safi ni unga wa kijani au kijani kilichofifia, na harufu yake ni ya majani makavu. Ukilowesha kidogo na kupaka kwenye karatasi nyeupe huacha doa la rangi ya machungwa. Haina haraka: inahitaji saa kadhaa. Unga ambao ni mweusi, au unaopewa sifa ya kutoa weusi kwa dakika chache, si hina tu, kuna kitu kimeongezwa ndani yake. Nitalirudia jambo hili chini kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa.

Mvi zikiachwa na hina kwa saa mbili au tatu hutoka na rangi ya machungwa iliyokolea au ya shaba. Anayetaka dhahabu asiache muda mrefu hivyo. Siri iko kwenye dakika. Kwa sababu kila kichwa ni tofauti, na kila unga wa sokoni ni tofauti, usianze na kichwa. Anza na nywele za kwenye kitana. Kwa siku chache kusanya mvi zinazokatika unapochana, zifunge kwa uzi katika mafungu manne madogo. Changanya kijiko kimoja cha unga wa hina na maji ya vuguvugu, au chai ya rangi iliyopoa, mpaka iwe kama uji mzito. Funika, acha saa nne hadi sita mahali pa joto. Kwa jua letu la Turkana hata saa mbili zinaweza kutosha. Ukiona juu ya uji pamebadilika kuwa kahawia na chini bado ni kijani, rangi imeanza kutoka. Tia mafungu yote manne. Toa la kwanza baada ya dakika 10, la pili baada ya 20, la tatu 30, la nne 45. Suuza na uyaweke.

Usiyahukumu siku hiyo. Hina inapotolewa huonekana ya kung'aa kupita kiasi, halafu kwa siku mbili au tatu inaendelea kukolea kwa sababu ya hewa. Siku ya tatu tazama mafungu yako mchana, nje, si kwa taa ya tochi. Lile unalolipenda ndilo dakika zako.

Siku ya kupaka, osha nywele kwa sabuni ili kuondoa mafuta, kwa kuwa mafuta huzuia rangi isishike. Paka mafuta kidogo kwenye paji la uso, masikio na shingo ili ngozi isipate madoa. Gawa nywele sehemu sehemu, paka kutoka mizizini kwenda ncha, na ufanye haraka, maana ukichukua nusu saa kupaka, nyuma ya kichwa kutakuwa dhahabu na mbele machungwa. Ni vizuri watu wawili wafanye pamoja. Vaa glavu kama unazo au funga mikono kwa karatasi za plastiki za vifungashio ulizosafisha (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, msije mkatafuta hiyo). Usipofanya hivyo vidole vitabaki na rangi kwa wiki mbili au zaidi, na si dhambi. Muda ukifika suuza kwa maji tu mpaka maji yatoke safi, na usitumie sabuni kwa siku mbili.

Nieleze wazi jambo moja: hina haiondoki. Haioshwi wala haibadilishwi mawazo. Usipoipenda utangoja nywele zikue, na nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, au utanyoa. Vilevile baada ya mwezi mvi mpya zitaonekana mizizini, na utalazimika kupaka hapo tena kama unataka kuendelea.

Maganda ya vitunguu: ya bure

Hii ndiyo ninayoipenda mimi kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza, kwa sababu haidumu. Ukikosea, wiki chache baadaye imepotea.

Maganda makavu ya nje ya kitunguu yana rangi ya manjano ya asili, na watu wa nchi nyingi wameyatumia tangu zamani kutia rangi sufi ya kondoo. Sufi na nywele za mtu ni kitu cha aina moja, zote ni keratini. Wauza vitunguu sokoni huyatupa maganda hayo, kwa hiyo omba tu. Chukua kiasi cha mikono miwili iliyojaa, yaoshe mchanga, yatie katika sufuria na maji nusu lita hadi lita moja. Usiwashe moto kwa ajili yake peke yake, kuni hazitoshi. Ukimaliza kupika chakula weka sufuria juu ya makaa yaliyobaki, yachemke polepole kama nusu saa mpaka maji yawe rangi ya asali. Chuja kwa kitambaa, acha yapoe mpaka uweze kuyashika kwa mkono bila kuungua.

Inamia juu ya beseni, mwagia nywele zilizooshwa, yakusanye maji kwenye beseni na uyamwage tena, mara kumi au zaidi. Kisha funga kichwa kwa kitambaa cha zamani dakika 30. Suuza kidogo. Mvi zitapata manjano hafifu ya dhahabu. Vitunguu vyekundu, ambavyo ndivyo vingi hapa, hutoa rangi iliyoelekea kahawia kidogo. Rudia baada ya siku mbili au tatu ili ikolee. Harufu ya kitunguu hupungua zikikauka, na kitambaa chako hakitarudi kuwa cheupe.

Manjano ya mchuzi nayo hutia rangi, tena kwa nguvu: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya vuguvugu inatosha, dakika 10. Lakini ni njano ya kung'aa, inapauka haraka juani, na inachafua mto, kola ya shati na kila kitu. Jambo jingine la kujua ni kwamba manjano ikikutana na sabuni ya kipande hugeuka nyekundu kama damu. Mama mmoja aliita watu akidhani kichwa kinatoka damu. Waliosoma kemia ya sekondari watakumbuka vipimo vya asidi na besi, basi ni jambo hilohilo. Suuza kwa maji na wekundu utaondoka.

Chai ya rangi na kahawa hutoa kahawia nyepesi, si dhahabu, kwa hiyo naziacha.

Maji

Kiwango ambacho shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi hulenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na sote tunajua foleni ya bomba ilivyo. Hina inahitaji ndoo nzima kusuuza vizuri, vitunguu havihitaji hata nusu. Panga siku ambayo nyumba ina maji, na usisuuzie kwenye bomba la jumuiya. Maji ya hina yanaweza kumwagwa kwenye shimo la maji machafu au chini ya mti bila madhara.

Nani asipakwe

Mtu mwenye vidonda kichwani, mapunye, au aliyejikuna kwa chawa mpaka ngozi ikachubuka, atibiwe kwanza. Mapunye hayaponi kwa hina ingawa wengi wanaamini hivyo. Kwa watoto yanahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, navyo vinatolewa kliniki. Kitana na beseni la mwenye mapunye visitumiwe na mwingine.

Hina isipakwe watoto wachanga na wadogo, hata kama ni mila ya arusi au ya sikukuu. Sababu yake ni hii. Katika nchi zenye malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kitu fulani katika damu kiitwacho G6PD. Kwa kawaida hawajui, kwa kuwa hawaumwi. Lakini baadhi ya vitu vikiingia mwilini mwao, chembe nyekundu za damu hupasuka. Losoni ya kwenye hina ni mojawapo, nayo hupita kwenye ngozi laini ya mtoto. Wako watoto waliopungukiwa damu vibaya siku chache baada ya kupakwa hina mwili mzima au sehemu kubwa. Dalili ni macho na ngozi kuwa ya njano, mkojo mweusi kama soda ya kola, mtoto kulegea na kupumua haraka. Ukiziona usingoje asubuhi. Mtu mzima ambaye aliwahi kuambiwa na daktari kuwa ana upungufu huo naye asitumie hina, atumie vitunguu.

"Hina nyeusi", piko na jiwe

Hakuna mmea wa hina unaotoa weusi. Kinachouzwa kama hina nyeusi, na kile ambacho pwani huitwa piko, na lile ambalo ndugu zetu wa Sudani huliita jiwe, mara nyingi ni kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD, peke yake au imechanganywa na hina ili ifanye kazi haraka. Kemikali hiyo imo pia katika rangi nyingi za nywele za viwandani, nyeusi na kahawia, na hata baadhi ya zile za rangi nyepesi zinazouzwa katika maboksi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi inapowekwa kichwani. Ile inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi sokoni haina anayejua ni asilimia ngapi, hata muuzaji mwenyewe hajui.

Inadhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzio. Mtu anaweza kuitumia mara tano bila tatizo, na mara ya sita mwili ukaikataa. Baada ya saa chache au siku mbili tatu huja kuwashwa, malengelenge, maji kutoka kwenye ngozi ya kichwa, masikio na kope kuvimba. Aliyekwisha kupata mzio huo atakuwa nao maisha yote, na kila atakapopaka utakuja kwa nguvu zaidi. Wasichana waliopakwa maua meusi mikononi siku ya arusi na kupata malengelenge wajue kuwa hawapaswi kugusa rangi za nywele za viwandani hata wakizeeka.

Kwa hiyo anayechagua rangi ya dukani, hata kama boksi limeandikwa kuwa ni ya mimea, afanye jaribio. Paka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, acha saa 48 bila kuosha. Kukiwa na kuwashwa au wekundu, usitumie. Najua hakuna anayependa kungoja siku mbili na arusi ni kesho. Basi fanya jaribio siku tatu kabla ya arusi.

Njia ya pili ni kuimeza, nayo inaua. Sudani madaktari wa Khartoum waliandika kuhusu watoto waliolazwa katika miaka ya 1980 kwa sumu hii. Kiasi kidogo tu kikimezwa, ndani ya saa chache uso, ulimi na shingo huvimba mpaka njia ya hewa inaziba, kisha mkojo unakuwa mweusi na figo zinakufa. Hakuna dawa maalumu ya kuizima. Kinachookoa ni kufika hospitali kabla koo halijaziba, ambapo wanaweza kufungua njia ya hewa. Usimtapishe mgonjwa, usimpe maziwa wala mafuta, mbebe uende, na uchukue kile kifurushi au kikombe ili daktari akione. Kama nyumbani kwako kuna rangi ya aina hii, usiiweke katika chupa ya soda wala kwenye rafu ya chumvi. Mtoto wa miaka miwili haulizi.

Na yeyote asipake rangi ya nywele kwenye nyusi au kope. Marekani mwaka 1933 wanawake walipofuka kwa rangi ya kope yenye kemikali za namna hii, na habari zao zilikuwa miongoni mwa zilizosukuma sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938 nchini humo.

Jik, ndimu na jua

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama maji ya Jik yanaweza kufanya nywele ziwe za dhahabu. Hiyo ni dawa ya kufulia na kuua vijidudu. Inayeyusha keratini, kwa maana nyingine inakula nywele, na inaunguza ngozi ya kichwa na macho. Tena wapo wanaochanganya na ndimu au siki wakidhani inapata nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya chumba kidogo cha mabati mtu anaweza kushindwa kupumua. Ikitokea, toka nje haraka kwenye upepo, fungua mlango, na umpeleke kliniki yeyote anayeendelea kukohoa au kubanwa kifua.

Ndimu peke yake na jua pia nishauri hapana. Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua na kuacha alama nyeusi kwa miezi. Ngozi ya paji la uso ndiyo hupata.

Saluni zetu kambini hutumia blichi ya unga iliyochanganywa na dawa iitwayo peroksaidi, kwa kawaida asilimia 6 hadi 12. Vumbi la unga huo huamsha pumu, kwa mteja na zaidi kwa msusi anayelivuta kila siku. Dada zangu wa saluni, changanyeni nje ya mlango na mfunike pua. Na muulizeni mteja kwanza kama ana hina kichwani: baadhi ya hina za madukani zina chumvi za madini ndani yake, na zikikutana na peroksaidi nywele hupata moto na kukatika mkononi.

Mtoto mwenye nywele za dhahabu

Nimeliweka hapa kwa makusudi, maana wanaosoma habari za nywele pengine hawasomi habari za lishe. Mtu mzima anapaka mvi apate dhahabu kwa kupenda. Mtoto mweusi ambaye nywele zake zenyewe zinaanza kuwa nyekundu au dhahabu, nyepesi, zilizonyooka, na zinang'oka bila maumivu ukizivuta taratibu, huyo huenda ana kwashakoo. Mwili umekosa chakula cha kutosha kutengeneza nywele na rangi yake. Tumekuta watoto wa namna hii wakisifiwa na majirani kuwa nywele zao ni nzuri kama za mzungu, na mama anacheka. Tumekuta pia mmoja aliyepakwa rangi nyeusi ili watu waache kusema. Kote kuwili ugonjwa unaendelea chini yake.

Mwangalie miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu taratibu, kisha uachie. Kukibaki kishimo miguu yote miwili, mtoto huyo apelekwe kliniki siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mnene na mashavu yamejaa. Unene huo ni maji. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kuna pia utepe wa kupima mkono, ambao kila mhudumu wa bloku anao: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Lakini mwenye kuvimba miguu asingojee utepe, kwa kuwa utepe unaweza kuonyesha kijani kwa mtoto aliyejaa maji.

Nywele za mtoto huyo haziponi kwa mafuta wala rangi. Akitibiwa na kupata chakula cha dawa, nywele mpya huota nyeusi chini na ncha hubaki nyekundu kwa muda. Mama asishtuke akiona rangi mbili, ni alama kuwa mtoto anarudi.

Maswali mengine mliyouliza

Mzee mmoja wa Kakuma 1 ameuliza kama hina itaharibu picha yake ya usajili. Sijui mtu aliyekataliwa dirishani kwa sababu ya ndevu za machungwa, kwani alama za vidole hazibadiliki.

Je, mwenye ualbino anaweza kupaka? Nywele zake tayari zina rangi ya dhahabu. Akitaka nyingine, vitunguu au hina safi havina ubaya kwa mtu mzima, lakini ngozi ya kichwa chake inaungua kwa jua kuliko ya wengine, kwa hiyo asikae nje kungoja rangi ishike. Akae ndani, na kofia pana iwe jirani.

Nimepaka, sasa kichwa kinawasha, nifanyeje? Suuza kwa maji mengi na sabuni laini, mara moja, hata kama muda haujafika. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala majivu. Kuwashwa kukiisha ndani ya saa chache, vizuri. Kope au midomo ikianza kuvimba, sauti ikikwaruza, au ukihisi koo linabana, hiyo ni dharura, nenda hospitali usiku huohuo, na jirani akusindikize.

Je, mama mjamzito? Vitunguu havina neno. Kwa hina, angoje mpaka ajifungue kama anajua kuwa katika ukoo wao kuna watoto waliozaliwa wakawa wa njano. Rangi za maboksi azionyeshe kwanza kwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito, aje na boksi lenyewe, siyo jina lake tu.